Pasipoti za Nyumba ya Mheshimiwa Sokhi

Reynoldsburg, 3 Novemba

Mzee amenipa daftari hili leo. Anataka nimwandikie mambo ya maisha yake, na anataka yawe kwa Kiswahili. Nilipomuuliza kwa nini si Kiingereza, alisema binti yake Jasbir husoma kila karatasi inayosahauliwa mezani, ila Kiswahili alikiacha Kisumu akiwa na miaka sita.

Anaitwa Harnam Singh Sokhi, ana miaka tisini na minne. Alizaliwa Punjab, akafika Kisumu akiwa mtoto wa miaka mitatu, baba yake akiwa fundi wa reli. Kenya ilipopata uhuru yeye alikuwa mbunge. Mimi ni Umuhoza, Munyamulenge wa milima ya Kivu Kusini, Kongo, na tangu Agosti ndimi ninayemwogesha, ninayemshikia kitambaa anapofunga kilemba, ninayempikia uji na kumwangalizia dawa. Siku ya kwanza nilipoingia aliniuliza, "Mama, umekula?" Miaka saba niko Amerika, sikuwahi kuulizwa hivyo kwa Kiswahili na mtu mwenye kilemba. Nilikaa kwanza ndipo nikajibu.

Kwa kuwa daftari ni kubwa, nimemwomba ruhusa niandike na yangu. Amesema niandike, mradi nisimpunje kurasa zake.

5 Novemba

Mvua kutwa. Uji nusu kikombe.

8 Novemba

Leo alizungumza kwa saa mbili bila kupumzika. Alianza kama karani wa karakana ya reli, akawa katibu wa chama cha wafanyakazi. Mafundi wa Kihindi walilipwa zaidi ya Waafrika waliofanya kazi ileile, na Wazungu zaidi ya wote. Walipogoma, yeye alisimama upande wa Waafrika, na jamaa zake hekaluni wakakaa mwaka mzima bila kumsalimu. Akachaguliwa diwani. Akapigania mabomba ya maji mtaa wa wafagiaji wa reli, na shule ya Wahindi ifungue milango kwa kila mtoto. "Walisema, huyu Kalasinga amerogwa," aliniambia, akacheka mpaka nikamshika bega asianguke.

Kisha ubunge, muhula mmoja tu.

Nampenda mzee huyu. Kwetu, watu wa cheo chake waliposimama kusema juu yetu, walisema turudi tulikotoka. Sikujua kwamba mwanasiasa anaweza kusimama jukwaani akawaambia watu wanaoitwa wageni: hapa ni kwenu, kaeni.

12 Novemba

Barua yangu imefika. Mahojiano ya uraia ni tarehe 9 Januari.

Nabintu, ninayekaa naye, ni mtu wa Bukavu, anafanya kazi ghalani, kupanga maboksi. Alisoma barua akanikumbatia, halafu akaniuliza lile nililokuwa nalikimbia: "Bon, iko muzuri. Lakini mama yako, utamuambia siku gani?"

Nilirudisha barua ndani ya bahasha. Mama yuko Louisville, mtaa wa Beechmont, kwa kaka yangu Bisogo. Sheria ya Kongo haikubali mtu awe raia wa nchi mbili. Nikiapa huku, kule nimejifuta. Na Mama amefiwa na mume na watoto wawili kwa sababu ya watu waliosema sisi si Wakongomani. Kila mara Bisogo akimletea fomu za uraia, anazikunja anaziweka chini ya chungu. Lakini mdogo wangu Isaro amekwama Bujumbura, na mwenye uraia anaweza kumwombea ruhusa ya kuja. Ndiyo sababu niliomba. Ndiyo sababu pia sikusema.

17 Novemba

Jasbir ameleta kijitabu. Yeye ni mfamasia, mama wa miaka sitini na mbili, mwepesi wa hatua, hupanga vidonge vya baba yake kwa mistari kama askari. Mwezi wa tatu Mzee atatimiza miaka tisini na mitano, na gurudwara, hekalu lao, litamfanyia heshima. Kwenye jalada ameweka picha ya zamani: kijana mrefu mwenye kilemba jukwaani, mbele yake jiko la makaa, mkononi pasipoti ya Mwingereza imeshika moto. Desemba 1964. Baada ya uhuru Wahindi walipewa miaka miwili waamue: wajiandikishe kuwa raia wa Kenya, au wabaki watu wa Malkia. Wengi walisitasita. Mheshimiwa Sokhi akachoma yake mbele ya umati.

Mzee aliitazama, akamwambia binti yake aiondoe. Jasbir alisema hiyo ndiyo picha ya maana kuliko zote, ndiyo aliyokua akiitazama ukutani. Mzee akageuza uso dirishani. Jasbir alinitazama mimi kana kwamba nimemtia maneno kinywani.

24 Novemba

Theluji ya kwanza, nyepesi. Ameuliza Buffalo ni umbali gani. Nikamwambia saa tano kwa gari, na zaidi kukiwa na theluji.

29 Novemba

Leo naandika mengi, mkono unauma.

Jasbir alikuwa kazini. Mzee alikataa chakula cha mchana, akaniambia nifunge runinga, nikae, niandike neno kwa neno.

Siku ya picha ile, alisema, ukumbi ulijaa hadi barazani. Alihutubia kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, Mhindi na Mjaluo. Alisema mguu mmoja Nairobi na mmoja London humpasua mtu katikati. Akaitia pasipoti yake motoni, akasema: "Kuanzia leo, katika nyumba yangu hakuna pasipoti ya kigeni hata moja."

Yake aliichoma kweli. Lakini mkewe alikuwa amemsihi wiki nzima. Alikuwa amepitia mauaji ya 1947 Punjab akiwa msichana, alijua jinsi asubuhi moja inavyoweza kumgeuza jirani. Basi pasipoti ya mke na za watoto watatu, Jasbir akiwemo, zilikuwa zimelala ndani ya pipa la unga wa ngano wakati yeye anahutubia. Nne. Jasbir aliambiwa zilipatikana baadaye.

Mbele kabisa ukumbini alikaa Pritam Singh Bhui, fundi seremala wa karakana, rafiki yake tangu utotoni. Pritam alitoka pale akaandikisha nyumba nzima kuwa Wakenya. Ndugu zake hawakukubali; walibaki na pasipoti zao. Februari 1968 ikavuma kwamba Waingereza wanafunga mlango, na ndege zikajaa. Ndugu za Pritam wakaondoka na mama yao. Mheshimiwa Sokhi naye akawapeleka mke na watoto Nairobi, uwanja wa ndege. Aliyewatengenezea masanduku ya safari ni Pritam. Aliambiwa wanaenda kutibiwa, miezi mitatu. Alisafiri nao treni usiku kucha ili kubeba mizigo, na pale kaunta akaziona pasipoti nne za buluu zikiwekwa mbele ya karani.

"Alisema nini?" nilimuuliza.

"Hakusema kitu. Aliyaweka masanduku kwenye mzani, moja moja, taratibu. Kisha akarudi Kisumu peke yake."

Miaka sita baadaye mama yake Pritam aliugua London. Pritam alipanda ndege na pasipoti yake ya Kenya, wakamrudisha kule kule uwanjani. Mama akafa hawajaonana. Mzee alikuwa amebaki Kisumu bila familia, akashindwa uchaguzi wa 1969, na kwa miaka ishirini, mpaka Mzee alipomfuata Jasbir Amerika, wawili hao walipita barabara moja bila salamu. Sasa Pritam yuko Buffalo kwa mwanawe Sukhdev. Mzee alipata habari hizo mwaka jana, kwa mgeni aliyefika hekaluni.

Nimeandika neno kwa neno kama alivyotaka. Nilipomaliza nilimpa dawa yake ya saa kumi na sikumtazama machoni.

30 Novemba

Nimemwogesha.

4 Desemba

Uji, dawa, kilemba. Baridi.

9 Desemba

Nimemkasirikia, na sijui ni kwa haki gani. Nimewaza juu ya yule fundi akipanga masanduku kwenye mzani. Kwetu pia walikuwepo wakubwa waliotuambia tukae milimani, nchi ni yetu, tusiogope, huku watoto wao wakisoma Ubelgiji. Wengi waliowaamini wamelala kule. Nilidhani huyu ni wa namna nyingine.

Alihisi. Leo aliniambia taratibu kwamba anaweza kumwomba Jasbir atafute mhudumu mwingine, kama mikono yangu inaona tabu kumshika. Nikamwambia mikono haina neno.

15 Desemba

Amemwambia Jasbir anataka kwenda Buffalo. Hakumpa sababu. Jasbir akasema baada ya baridi, moyo wake haufai kwa safari. Mzee akasema baada ya baridi hatakuwepo. Alisema kama mtu anayetaja saa ya basi. Jasbir akatoka kwenda kufagia theluji ambayo ilikuwa imeshafagiwa.

26 Desemba, Louisville

Nimekuja kwa Mama kwa Noeli. Mvua, hakuna theluji. Jana kanisani, ibada yetu ya Kinyamulenge, walimwita atoe ushuhuda. Alisimama na kitenge chake cha kijani, akasema Mungu amemtunza katika nchi ya watu, lakini hajamwambia abadili jina la alikozaliwa. Akasema: "Watoto wangu wote wanajua hilo." Watu wakaitikia amina. Mimi pia niliitikia amina, nikiwa nimekaa safu ya pili, na barua ya mahojiano ndani ya mkoba.

Leo tukimenya viazi nilifungua mdomo mara tatu. Mara zote tatu nilimuuliza habari za magoti yake.

Sasa, ndani ya basi la kurudi, namwona Mzee akilini akiwa jukwaani, kijana, umati ukipiga makofi, naye anajua kilichomo ndani ya pipa la unga. Najua jinsi ulimi wake ulivyokuwa mkavu.

28 Desemba

Nimemwambia Mzee juu ya Mama. Yote. Alisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha aliniuliza mahojiano ni lini, akaanza kuniuliza maswali ya mtihani wa serikali: maseneta ni wangapi, nani huteua majaji. Anayajua yote. Alipata uraia wa huku akiwa na miaka sabini na mitano, anasema, na siku ile hakuchoma kitu.

9 Januari

Nimefaulu. Kiapo kitakuwa Machi. Nabintu amepika sombe, majani ya muhogo. Mama alipiga simu jioni kuniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo.

18 Januari

Tulikuwa tumeshamvisha Mzee koti. Jasbir alikuwa amekubali hatimaye, kwa kuwa baba yake alikaa siku mbili bila kula. Redio ikasema upepo kutoka ziwa kubwa la huko umemwaga theluji, barabara ya Buffalo imefungwa. Tukamvua koti.

25 Januari

Tena theluji ya ziwani. Tena koti. Mzee aliniomba nimwachie kilemba alichofunga kwa safari, akakaa nacho kutwa.

1 Februari, Buffalo

Njia ilikuwa wazi. Jasbir aliendesha, mimi nyuma na Mzee. Baada ya Cleveland ziwa lilikuwa upande wa kushoto, jeupe, huwezi kujua pwani inaishia wapi. Karibu na mji wa Erie, Mzee alimwambia binti yake kwa Kipunjabi kitu kirefu. Niliona mikono ya Jasbir ikikaza usukani. Aliingia kituo cha mafuta, akazima gari, akakaa. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama nilijua. Nikasema tangu Novemba. Akawasha gari tukaendelea.

Nyumba ya Sukhdev ni ya mbao, theluji imefika madirishani. Pritam alikuwa kitini karibu na moto wa gesi, mdogo wa mwili, ndevu nyeupe hadi kifuani, vidole viwili vya mkono wa kushoto havipo, ajali ya msumeno. Hakuinuka. Mzee alikataa kiti, akabaki amesimama na fremu yake ya kutembelea, nikimshika kiuno. Alianza kwa Kipunjabi. Pritam akainua mkono.

"Sema Kiswahili," alisema. "Siku ile ulihutubia kwa Kiswahili. Na huyu mama asikie."

Mzee alisema hotuba yake ilikuwa na uongo ndani, kwamba kwa sababu yake Pritam hakumzika mama yake, na kwamba amekuja kuomba msamaha akiwa bado ana pumzi.

Pritam alivuta ndevu zake kwa ule mkono wa vidole vitatu. Kisha akasema:

"Harnam, umebeba mzigo usio wako na ulio wako umeuacha. Mimi ni Mkenya. Nilikuwa Mkenya jana, ni Mkenya leo, huyu Sukhdev ananiletea karatasi za Amerika kila mwaka nazitupa. Hukunidanganya juu ya nchi. Juu ya nchi ulisema kweli, na mimi niliamini maneno, sikuamini wewe. Aliyenizuia kufika kwa mama yangu ni Mwingereza." Akapumua. "Lakini ulinifanya nitengeneze masanduku. Siku tisa nilipiga randa mbao zile. Ungeniambia, Pritam, mke wangu anaogopa. Hata mke wangu mimi aliogopa. Ningeyatengeneza vilevile, nisingekudai hata chai. Uliona mimi ni mtu wa kuhutubiwa, si wa kuambiwa."

Mzee alisema, "Ni kweli."

Nimemsikiliza miezi sita, na hilo ndilo jibu fupi kuliko yote niliyowahi kumsikia akitoa.

Baadaye Pritam alimwambia mwanawe alete kiti kingine, akiweke karibu na moto. Walikaa magoti yakigusana. Sijui kama huo ni msamaha. Waliongea Kipunjabi, majina ya watu, nadhani ya waliokufa, kwa sababu kila jina lilifuatwa na kimya. Jasbir alisimama jikoni na Sukhdev, analia bila sauti, akiosha vikombe visivyo vichafu.

2 Februari

Tumerudi salama. Mzee alilala njia nzima.

6 Februari

Amekula bakuli zima.

13 Februari

Mzee ameaga dunia leo asubuhi, saa tatu. Nilikuwa namkata kucha. Aliniambia maji ya kuloweshea yamepoa, nikaenda kuleta mengine, nikarudi.

Jasbir alifika kwa dakika kumi na tano. Tulimfunga kilemba pamoja, yeye akishika upande mmoja wa kitambaa na mimi mwingine.

16 Februari

Jasbir ameomba nimsomee daftari. Nilisita, kwa kuwa Mzee alichagua lugha hii ili asisome. Kisha nikakumbuka kwamba mwishowe alimwambia mwenyewe, garini. Nilimsomea nikimtafsiria, ukurasa kwa ukurasa, kurasa zake na hata zangu. Nilipofika kwenye kurasa za Novemba alinizuia mara moja tu, kuniuliza jinsi mama yake alivyokuwa akisihi. Nikamwambia hakueleza zaidi ya hapo.

23 Februari

Sala ya kumuaga Mzee. Gurudwara ilijaa, viatu vimepangwa hadi mlangoni. Kijitabu kiligawiwa, na picha bado iko jaladani. Wazee watatu walisimama kumsifu mtu aliyechoma pasipoti. Kisha Jasbir akaenda mbele. Alisema kwa Kipunjabi, halafu kwa Kiingereza kwa ajili ya vijana na kwa ajili yangu:

"Baba yangu alichoma pasipoti moja, akaficha nne. Moja ya hizo nne ilikuwa yangu. Aliyoyasema siku ile yalikuwa kweli, na aliogopa kama watu wote. Nilikuwa nakaribia kumzika nusu."

Palikuwa na minong'ono. Mzee mmoja aliinuka akatoka. Lakini tulipokaa sakafuni kula, wanawake wawili wa umri wangu walimsogelea Jasbir, na mmoja akamwambia kwamba na kwao pia palikuwa na pipa la unga.

1 Machi, Louisville

Nilimkuta Mama peke yake. Bisogo yuko zamu kiwandani. Sikuvua koti. Nilimwambia nimeomba uraia, nimefaulu, nitaapa tarehe 14, kwa ajili ya Isaro na kwa ajili yangu pia, kwa kuwa nimechoka kuwa mtu wa karatasi za muda. Nikamwambia nilikaa kanisani nikasema amina ya uongo.

Alikuwa amesimama kwenye jiko. Alizima moto. Akaniuliza tangu lini, nikamwambia tangu mwaka jana, mwezi wa sita.

"Kwa hiyo miezi tisa umekuwa ukiniuliza magoti," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Baba yako walimuuliza karatasi barabarani. Alikuwa nayo. Imeandikwa Mkongomani. Waliisoma, halafu wakamuua." Alisema akitazama ukuta. "Hiyo karatasi ninayo mpaka leo. Wewe nenda ukaape. Lakini usinitake nifurahi, na usinifiche tena kitu kama vile mimi ni ofisi."

Tulikaa. Hakunipa chakula, jambo ambalo halijapata kutokea. Jioni alinisindikiza hadi kituo cha basi la jiji, magoti yake na yote, akasimama pale nami mpaka likaja.

8 Machi

Hajapiga simu wiki nzima. Nimepiga mimi. Tumeongea dakika mbili, mambo ya mvua.

14 Machi, Columbus

Tulikuwa watu themanini na kitu ndani ya ukumbi wa mahakama. Jasbir alikuja, amevaa nguo ya rangi ya maua, na Nabintu aliomba ruhusa kazini. Niliinua mkono. Pale maneno yanaposema unaacha utii wote kwa nchi uliyokuwa mtu wake, nilimwona baba yangu barabarani ameshika karatasi yake. Nikamaliza sentensi.

Tuliporudi Reynoldsburg gari la Bisogo lilikuwa limeegeshwa mbele ya jengo letu, na yeye amelala kwenye usukani. Walikuwa wameondoka Louisville alfajiri. Mama hakutaka kuja mahakamani, alisema. Hawezi kusikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, na sufuria kubwa miguuni, imefungwa kwa shuka isipoe.

Hakunipongeza. Alinitazama usoni kwa muda, kama anayetafuta kama kuna kilichobadilika.

"Fungua mlango," alisema. "Watu wana njaa."